"Miti Inaota Yenyewe, Unasomea Nini?" Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Shahada ya Maliasili

Swali hilo aliniuliza mjomba wangu siku nilipopata barua ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Hakuwa na nia mbaya. Ukoo mzima ulisubiri daktari, na mimi nilikuwa nimefaulu PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Tangu siku hiyo nimelisikia swali lake kwa sura nyingi, hasa kutoka kwa wazazi wenye watoto waliomaliza kidato cha sita. Haya ndiyo ninayowajibu.

Dhana: Ni kozi ya kuvaa magwanda na kubeba bunduki porini.

Ukweli: Askari wa wanyamapori wana vyuo vyao, kama Pasiansi kule Mwanza, na kazi yao ni ya heshima na ya hatari. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wanafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Shahada ya maliasili inakupitisha kwenye udongo, maji, sheria, uchumi, ramani na takwimu. Ukiwa SUA, milima ya Uluguru unaiona kila siku ukienda darasani. Vijito vinavyoshuka huko vinaulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mtu wa Kimara anayefungua bomba asubuhi anautegemea msitu ambao pengine hajawahi kuukanyaga.

Dhana: Haina hesabu, ndiyo maana inawafaa waliokosa nafasi kwingine.

Ukweli: Wiki ya kwanza ya fildi itakuondolea wazo hilo. Mnasimika kijiti katikati, mnavuta utepe mita 15 kila upande, na kila mti ulio ndani ya duara hilo unapimwa unene kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Kama mti umesimama kwenye mteremko, unapimia upande wa juu. Karatasi imelowa umande, mwenzako anaita, "Mninga, thelathini na mbili nukta nne!", nawe unaandika huku mbung'o wanakuuma shingoni. Halafu mnafika kwenye mti uliosimama pembeni kabisa, na ubishi unaanza: upo ndani au upo nje? Ubishi huo una maana, kwa sababu duara hilo ni hekta 0.07 tu, na kila mti mliouhesabu unasimama badala ya miti kama 14 kwa hekta. Mkiwa wavivu hapo, kijiji kitaambiwa kina mbao ambazo hakina.

Kwa njia hiyohiyo ya kupima kipande kwa kipande ndivyo nchi ilivyojua, katika tathmini ya kitaifa iliyotolewa 2015, kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Karibu nusu yake ipo kwenye ardhi za vijiji.

Takwimu hiyo ya mwisho naomba uishike, maana inahusu dhana inayoniumiza kuliko zote: kwamba kuhifadhi ni kuwakataza watu, na msomi wa maliasili ni mtu wa kuja na amri.

Nilipokuwa mwaka wa tatu tulipelekwa kijiji kimoja wilayani Kilosa kusaidia kuchora ramani ya matumizi ya ardhi. Tulijiamini. Kwenye mkutano tulibandika ramani ukutani, na eneo moja upande wa kaskazini tulikuwa tumeliandika "halitumiki". Mama mmoja akasimama, akatusalimu vizuri, kisha akasema, "Wanangu, mmeandika hapo hakuna kitu. Mbona sisi tunaokota uyoga hapo kila masika?" Mzee wa pembeni akaongeza kwamba kiangazi kikizidi, ng'ombe nao hupelekwa hukohuko. Tuliibandua ramani, tukairudia upya tukiwa pamoja nao. Sikupata mhadhara bora kuliko ule.

Na sheria iko upande wa yule mama. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kujitungia sheria ndogo, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Kule Kilwa, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, mwaka 2009, na mpingo wake ukaanza kuuzwa kwa bei inayoeleweka. Usukumani watu walikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa ili yapumzike, muda mrefu kabla ya chuo chochote. Mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, ulijengwa juu ya ujuzi huo.

Hata mkaa, ambao wengi hudhani ni adui tu, una elimu yake. Miti mingi ya miombo, misitu ya ukanda mkavu, huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Katika vijiji vya Kilosa vilivyojaribu mkaa endelevu, eneo la kuvuna liligawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50: kimoja kinakatwa, jirani yake kinaachwa, ukitazama kwenye ramani utadhani ubao wa drafti. Kilichokatwa kinapangiwa kupumzika miaka 24. Kinachoua msitu moja kwa moja ni pale visiki vinapong'olewa na shamba kufunguliwa.

Dhana: Si kazi ya wasichana. Ukweli: Kwenye kundi letu la fildi, aliyekuwa akisoma dira na kutuongoza kutoka duara hadi duara alikuwa msichana, na hatukupotea hata siku moja.

Dhana: Ukihitimu, ajira ni serikalini tu.

Ukweli: Nafasi za TFS (misitu), TANAPA (hifadhi za taifa), TAWA (wanyamapori) na halmashauri hutangazwa chache na waombaji ni wengi. Mzazi aambiwe hivyo wazi. Lakini yapo mashamba ya miti ya Mufindi na Njombe, yapo mashirika yanayofanya kazi na vijiji, ipo kazi ya mikataba ya kupima misitu, upo ufugaji nyuki. Anayejua ramani za kompyuta na takwimu hupata kazi mapema kuliko mwenye cheti kitupu, kwa hiyo vipindi hivyo usivikwepe.

Kijana anayetaka kujaza fomu, mimi humpa kazi moja kwanza. Nenda kwa mtendaji wa kijiji chenu, umwombe akuonyeshe mpango wa matumizi ya ardhi. Ukikuta ramani, tafuta sehemu iliyoachwa bila jina, kisha nenda kaulize kwa akina mama nani huwa anaingia humo, na kufuata nini.