Mtoa taarifa hatakiwi kuwa mpelelezi
Mitaani Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, watu husema kwamba jirani akiripoti mjukuu anayechukua pensheni ya bibi yake bila ridhaa, naye hana ushahidi kamili, atashtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Si kweli. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 haimtaki athibitishe kosa, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wapelelezi. Inamtaka awe na nia njema na sababu za msingi za kuamini anachokisema, kisha akifikishe kwa mamlaka husika, kwa mfano polisi. Akikimwaga barazani kwenye kahawa (na wengi ndiko waanziako), kinga ya sheria hiyo haimfuati huko.