Pitibuli ni mbwa gani hasa?

Ukipita Uyole au Forest hapa Mbeya, mbwa yeyote mwenye kifua kipana, kichwa kikubwa na manyoya mafupi anaitwa pitibuli. Awe chotara wa mbwa wa kienyeji au boerboel wa Afrika Kusini, jina ni hilo hilo. Limekuwa jina la umbo, na la kutishia wezi, wala halisemi tena mbegu ya mbwa.

Tuanze na teria, mmoja wa mababu wa mbwa huyu. Hawa ni mbwa wa Uingereza waliofugwa kufukuza wanyama wa mashimoni, kama panya na mbweha. Neno lenyewe linatokana na terra, Kilatini cha ardhi. Wengi wao ni wadogo, wepesi na wabishi. Misuli ya pitibuli ilitoka kwa babu mwingine, buldogi wa zamani, aliyekuwa akiachiwa amng'ang'anie puani fahali aliyefungwa kamba, huku watu wakiwekeana dau. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mchezo huo pamoja na mapigano ya mbwa. Lakini fahali hafichiki, mbwa wawili wanafichika chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe. Wacheza kamari wakahamia huko, na mbwa aliyetakiwa akawa yule mwenye nguvu za buldogi na wepesi wa teria.

Mbwa hao walishamiri Staffordshire, jimbo la Uingereza, na maeneo ya jirani, kwa wachimba makaa ya mawe na wafua minyororo. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Katika pambano, mwenye mbwa aliingia mwenyewe kumshika kwa mikono, mnyama akiwa na majeraha na hasira zimempanda. Mbwa wa kumgeukia mtu hakuwa na faida kwake. Pambano likiisha, mbwa alirudi kwenye nyumba finyu yenye watoto. Kwa hiyo mzao wake wa leo, Staffordshire Bull Terrier, au Stafford kwa kifupi, anajulikana kwa kupenda watu mno, ingawa kwa mbwa wenzake anaweza kuwaka ghafla. Ukali kwa mbwa na ukali kwa watu ni tabia mbili tofauti. Na yale maneno kwamba taya zake hujifunga kama kufuli si kweli. Taya zake ni kama za mbwa wengine, ila misuli yake ni minene na haachi upesi.

Stafford alisajiliwa rasmi Uingereza mwaka 1935. Ni mfupi: sentimeta 36 hadi 41 begani, kilo 11 hadi 17. Ndugu zake waliovushwa kwenda Marekani walikuzwa wakawa warefu zaidi, na huko ndiko jina la pitibuli lilikoingia kwenye daftari la usajili, mwaka 1898. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 inakataza pitibuli, haikatazi Stafford.

Julai iliyopita nilimkuta Stafford mmoja Uyole, amefungwa mnyororo getini saa kumi na mbili asubuhi, anatetemeka mpaka pingili za mnyororo zinalia.

"Mzee, shikamoo. Huyu anaumwa?"

"Marahaba. Haumwi, ana hasira tu. Ni pitibuli huyo, usisogee."

Hakuwa na hasira. Manyoya yake ni mafupi, hayana sufu ya ndani, na baridi yetu ya kipupwe anaisikia kama mtoto aliyevuliwa sweta. Kumfunga peke yake mchana kutwa ndiko kunakomharibu: mbwa aliyezaliwa kukaa na watu anakuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata. Anahitaji banda lililoinuliwa kwa mbao, gunia kavu la kulalia, matembezi ya kamba kila siku na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Na asiachiwe peke yake na mtoto mdogo, kama mbwa mwingine yeyote.

Mzee alimfungua ili anioneshe meno yake. Mbwa akaja moja kwa moja, akaniegemea mguuni kwa uzito wake wote, akatulia pale mpaka akaacha kutetemeka.