Bekapu ya mipangilio wakati wa kuzima mfumo endeshi wa flashi

Mfumo endeshi ukiwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa kwenye diski, mabadiliko unayofanya hukaa ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nywila ya Wi-Fi, alamisho za kivinjari, rangi za skrini: vyote vimo humo, na umeme ukikatika hupotea. Bekapu ya wakati wa kuzima ni hatua inayokusanya mabadiliko hayo na kuyaandika kwenye flashi au diski kabla kompyuta haijazimika, ili yarudishwe itakapowashwa tena.

Tiny Core Linux, mfumo endeshi mdogo sana wa aina hii, ni mfano mzuri kwa sababu kila kitu chake kinaonekana. Bekapu ni faili moja tu, mydata.tgz, ndani ya folda ya tce. Programu ya filetool.sh husoma orodha iliyo kwenye /opt/.filetool.lst, hufungasha kilichotajwa humo kwa tar (programu ya kukusanya faili nyingi ziwe moja), kisha hukibana. Orodha huanza na mistari miwili: opt na home. Kompyuta ikiwaka, faili hiyo hufumuliwa juu ya mfumo ambao bado ni mpya kabisa.

Hapo ndipo wengi hujikwaa: kisichokuwa kwenye orodha hakihifadhiwi. Ukibadili nywila ya kuingilia, mabadiliko yanaandikwa kwenye /etc/shadow, nje ya orodha, na kesho nywila hiyo haipo. Ongeza mstari etc/shadow, bila mkwaju (/) mwanzoni, kwa kuwa tar inaanza kuhesabu njia kutoka kwenye mzizi, yaani folda ya juu kabisa. Mipangilio ya SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka kompyuta nyingine) nayo huongezwa kama usr/local/etc/ssh. Programu ulizopakua hazihitaji kuorodheshwa. Zinakaa tce/optional zikiwa faili za tcz.

Kosa la upande wa pili ni kujaza home. Bekapu hii haiandiki mabadiliko pekee, huandika faili yote upya kila mara. Video ya GB 2 ikiwa ndani ya home, kuzima kutachukua dakika nyingi, kuwasha vilevile, na ikifumuliwa italala ndani ya RAM hata kama huiangalii. Faili kubwa ziweke moja kwa moja kwenye diski, kwa mfano /mnt/sda1. Akiba ya kivinjari na takataka nyingine zitaje kwenye /opt/.xfiletool.lst, orodha ya vinavyorukwa.

Je, bekapu hufanyika yenyewe? Ukizima kupitia dirisha la kutoka, lina sehemu ya kuchagua bekapu. Lakini amri ya sudo poweroff huzima bila kuhifadhi. Ukitaka ihifadhi kila mara, fungua /opt/shutdown.sh na uandike filetool.sh -b mahali pa amri za mtumiaji, juu ya kipande kinachosafisha home. Kisha endesha filetool.sh -b kwa mkono mara moja, na uangalie tarehe na ukubwa wa mydata.tgz.

Hakuna hatua ya kuzima inayokusaidia umeme ukikatika ghafla. Panapokatika umeme mara kwa mara, endesha amri hiyo katikati ya kazi pia. Flashi ikichomolewa mapema au ikijaa wakati wa kuandika, faili inaweza kuharibika, na ya zamani imeshafutwa. Kwa hiyo tumia filetool.sh -s: hubakiza bekapu iliyotangulia kwa jina mydatabk.tgz. Inachukua nafasi mara mbili, lakini inastahili.

Kumbuka pia kwamba faili hii ina nywila zako, na haijafungwa kwa nenosiri. Msimbo wa kuwashia (neno linaloongezwa kwenye mstari wa kuwasha mfumo) uitwao protect huifunga.

Mpangilio mbaya ukihifadhiwa nao hurudi kila unapowasha. Washa kwa msimbo norestore ili bekapu isirudishwe, na unakili mydata.tgz mahali pengine kabla ya kuzima tena.