Bugali kunata haimaanishi iko na gluteni

Hapa Bukavu watu wengi wanaamini kama chakula yote yenye kunata, sana sana bugali ya muhogo, iko na gluteni, basi mwenye munganga alimukataza gluteni anaacha bugali na kuanza kutafuta pakiti za bei kali. Inaeleweka, ju mukate nao unavutika. Lakini gluteni ni protini ya ngano na ndugu zake orge (shayiri) na seigle (rai). Muhogo, muhindi, mtama na muchele haviko nayo, kunata kwao kunatoka kwa wanga.

Jaribu kwa nyumba: kanda unga ya ngano na maji, uache kidogo, kisha uoshe ile donge polepole, itabakia kitu inavutika sawa mpira, ndiyo gluteni yenyewe. Ya muhogo inaachana tu mu maji. Ila hiyo haionyeshe ngano kidogo yenye ilibakia mu mashini ya kusaga, na hiyo kidogo inaweza kuumiza mwenye ugonjwa wa siliaki (ile yenye gluteni inaharibu matumbo), kwa hiyo uliza mwenye mashini kama anasagaka ngano pia.

Kwa vya pakiti, soma nyuma kama kunaandikwa blé (ngano), orge, seigle ao malt (mara mingi ni orge yenye iliota). Sosi ya soya mara mingi iko na ngano, na semoule (unga ya chenga-chenga) inaweza kuwa ya muhindi ao ya ngano.