Kumwaga oili ya giaboksi si kuiflashi

Oili ya giaboksi ya otomatiki, yaani ATF, hulainisha, hupoza, na ndiyo inayobeba msukumo unaobana klachi za ndani ili gia iingie. Kinachonikera ni ile kauli inayorudiwa kila gari linapozeeka: "Usiiguse hiyo oili, ukibadilisha tu giaboksi inakufa." Muulize msemaji, kubadilisha kwa namna gani? Hapo kimya, kwa sababu anazungumzia kazi mbili kana kwamba ni moja.

Kuna kumwaga. Unafungua nati ya chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, oili inashuka, unarudisha kiasi kilekile kilichotoka. Kwa kawaida hutoka theluthi hadi nusu tu. Iliyobaki imejificha ndani ya tokikonveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwenye vali bodi (sehemu yenye vijia vinavyoelekeza oili) na kwenye mabomba ya kupozea. Giaboksi ya lita 8 ikitoa lita 4, mara ya kwanza unapata nusu mpya. Ukiendesha kidogo ukamwaga tena, robo tatu. Mara ya tatu, karibu asilimia 88. Mabadiliko yanaingia taratibu.

Halafu kuna kuflashi: mashine inaunganishwa kwenye mabomba ya kupozea, oili ya zamani inasukumwa nje na mpya inaingia karibu yote kwa mkupuo. Wengine hutanguliza dawa ya kusafishia. Hapa hofu ina mashiko. Giaboksi iliyokaa miaka bila kuguswa ina uchafu uliotulia, na ukitibuliwa unaweza kuziba vijia vyembamba vya vali bodi.

Tena wengi hukumbuka oili wakati giaboksi imeshaanza kuteleza, injini inanguruma na gari linajikokota. Oili inabadilishwa, baada ya muda giaboksi inazima, lawama zote kwa oili mpya. Klachi iliyolika haifufuliwi na oili yoyote, na ingekufa hata ungeiacha.

Gari la zamani ambalo bado linaingiza gia vizuri, mimi ningemwaga. Kwanza hakikisha nati ya kujazia inafunguka, ndipo uguse ya kumwagia. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usifuate wekundu wa oili, maana hiyo ni rangi iliyotiwa tu, na ya CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ni oili nyingine kabisa. Ukishusha sampu, itazame sumaku iliyo ndani: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ni dalili mbaya.

Kwa hiyo anayesema "usibadilishe" hajakosea sana. Angesema "usiiflashi", nami ningekubaliana naye, hasa kwa gari ambalo hujui mwenye nalo wa kwanza alilitunzaje.