Kiseyeye, machungwa ya Mombasa na safari za wavumbuzi

Wavumbuzi wakitajwa watu wengi wanawaza meli, ramani na dira, na ni sawa kabisa, ila sisi tunaofanya kazi ya lishe hapa kwenye taasisi yetu tukizisoma hizi safari jicho linakimbilia kwingine, yaani wale watu walikuwa wanakula nini. Manake ukifuatilia vizuri unakuta safari kibao hazikuvurugwa na mawimbi wala mizinga, zilivurugwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na dawa yake mara nyingi ilikuwa karibu nao, wengine walishaila kabisa bila kuitambua.

Chukua Vasco da Gama, yule Mreno aliyetafuta njia ya bahari kwenda India. Alitoka Lisbon Julai 1497 na meli 4 na watu kama 170. Chakula chao kikuu baharini ni biskuti kavu ngumu na nyama ya chumvi, vitu visivyoharibika haraka, ila vitamini C humo hakuna. Mwanzoni mwa 1498 wakiwa mtoni upande wa Msumbiji ya leo, shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu wa msafara huo inasema wengi waliugua, mikono na miguu ikavimba, fizi zikakua mpaka zikafunika meno na mtu akashindwa kula. Aprili wakafika Mombasa, mfalme wa mji akawapelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa mengi tu. Wagonjwa wakapona. Na mwandishi wa shajara akamshukuru Mungu, halafu akaandika kwamba ni kwa sababu hewa ya Mombasa ni nzuri sana. Hapo mimi huwa nasimama kidogo kila nikisoma, manake mtu kaona ugonjwa, kaona matunda, kaona watu wanapona, na bado akaipa sifa hewa.

Basi kutoka Mombasa wakasogea Malindi, wakaondoka hapo 24 Aprili, wana rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi, mtu anayeijua ile bahari, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inawasukuma, na ndani ya siku kama 23 hivi wakawa wameivuka mpaka upande wa India. Kurudi sasa ndo ikawa balaa. Mwisho wa Agosti wakaondoka Calicut, mji wa pwani ya India, mwanzoni mwa Oktoba wakakiacha kisiwa cha Anjediva na kuingia bahari kuu wakati kaskazi, upepo wa kurudia huku kwetu, haijashika, jambo ambalo baharia yeyote wa majahazi angewakataza kwa sababu ratiba ya bahari hii inajulikana enzi na enzi, unakwenda na kusi unarudi na kaskazi. Wakakuta mara bahari imetulia tuli, mara upepo wa mbele, safari ya wiki 3 ikala karibu miezi 3. Watu 30 wakafa kwa kiseyeye humo njiani, juu ya wengine 30 hivi waliokuwa wameshakufa kabla, na kila meli ikabaki na watu 7 au 8 tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499 moja ya vitu vya kwanza kuagiza ni machungwa, wagonjwa wenyewe walikuwa na hamu nayo sana, lakini wengine hali ilikuwa imeshakuwa mbaya mno na wakafia hapohapo. Mbele kidogo, pwani ya Mtangata huko Tanga, wakaichoma meli yao moja, São Rafael, kwa sababu watu wa kuiendesha hawapo tena.

Kwa nini ugonjwa unakuwa vile? Mwili unatumia vitamini C kutengeneza kolajeni, na kolajeni kazi yake ni kama saruji kati ya matofali, inashikilia ngozi, fizi, mishipa ya damu, mifupa na makovu. Wanyama wengi wanajitengenezea vitamini C wenyewe, sisi binadamu hatuwezi, ni mpaka tule. Ukikosa kabisa kwa mwezi 1 mpaka 3 dalili zinaanza, uchovu, maumivu ya viungo, fizi kuvuja damu, madoa ya damu kwenye ngozi, na ikizidi hata kidonda cha zamani kilichopona kinafumuka tena.

Magellan naye, Mreno aliyeongoza msafara wa Hispania, alipovuka Pasifiki kuanzia mwisho wa 1520, watu wake walikaa zaidi ya miezi 3 bila chakula freshi, wakala ngozi zilizokuwa zimefungwa kwenye milingoti, unga wa mbao na panya. Kati ya watu zaidi ya 230 waliotoka Hispania 1519, meli Victoria ilirudi 1522 na watu 18 tu, ingawa kiseyeye haikuwa sababu pekee.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha Jacques Cartier, Mfaransa, majira ya baridi ya 1535 kuingia 1536, barafu imewabana karibu na ilipo Quebec leo. Watu 25 wakafa. Domagaya, mwenyeji wa pale, naye alikuwa ameugua ila baada ya siku chache akaonekana yuko fiti, Cartier akamuuliza umetumia nini, akaonyeshwa mti unaoitwa annedda, unachemsha magome na majani yake unakunywa. Wakanywa, wakapona haraka. Lakini elimu hiyo haikushika huko Ulaya, na vizazi vya mabaharia vikaendelea kuzikwa baharini.

Miaka 200 na zaidi baadaye, Mei 1747, daktari James Lind kwenye meli HMS Salisbury akachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili wakapewa kila siku machungwa 2 na limau 1. Matunda yaliisha ndani ya siku 6 na mmoja alikuwa tayari kurudi kazini! Kitabu kikatoka 1753, ila Lind mwenyewe akapendekeza juisi ichemshwe ipungue ili itunzike, na moto unaua vitamini C. Jeshi la Majini la Uingereza likaamuru mabaharia wake wapewe juisi ya limau 1795.

Hata hivyo mambo hayakuisha. Baadaye Waingereza wakahamia kwenye ndimu ambazo vitamini C yake ni kidogo, msafara wa Nares, ofisa wa jeshi hilohilo la majini, kuelekea Ncha ya Kaskazini 1875 ukavunjwa na kiseyeye, na kwenye meli Discovery ya mvumbuzi Mwingereza Scott kule Antaktika 1902 wakailaumu nyama ya kopo kwamba ina sumu, wakapona walipokula nyama freshi ya sili, mnyama wa baharini. Vitamini C yenyewe ilitambuliwa rasmi 1932.

Kiseyeye bado ipo, tunaikuta kwa wazee wanaoishi peke yao na kula kitu kilekile kila siku, walevi, watoto wanaokataa vyakula vingi, na wavutaji sigara wanahitaji vitamini C zaidi ya wengine. Mboga usizichemshe muda mrefu ukamwaga maji yake, na matunda kula bila kuyapika. Fizi zikivuja damu na una michubuko isiyo na sababu nenda kituo cha afya, tiba yake ni rahisi na nafuu inaanza ndani ya siku chache.