Jiko la presha la umeme: upishi wa haraka, na mipaka yake katika kusindika chakula nyumbani

Jiko la presha la umeme ni sufuria yenye mfuniko unaobana kabisa, iliyowekwa ndani ya kasha lenye hita kwa chini, vihisio vya joto na presha, na kifaa kidogo cha kielektroniki kinachoamua hita iwake lini na izimwe lini. Mpishi huweka chakula na maji, hufunga mfuniko, huchagua muda kwa kubonyeza kitufe, kisha huendelea na shughuli nyingine. Majiko haya yamezidi kuzungumziwa kadiri mjadala wa nishati safi ya kupikia unavyopamba moto, hasa baada ya Tanzania kuzindua mwaka 2024 mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Pamoja nayo limekuja swali ambalo wapishi wengi huuliza: jiko linaloivisha maharage kwa muda mfupi namna hii, je, haliwezi pia kutumika kusindika chakula kwenye chupa za kioo kikakaa kabatini miezi kadhaa? Kwa upishi wa kila siku, jiko hili ni chombo bora sana. Kwa kusindika maharage, nyama, samaki au mboga, halifai. Majibu yote mawili yanatokana na jambo moja, nalo ni kiwango cha joto.

Maji yaliyomo katika sufuria ya kawaida hayapandi juu ya joto lake la kuchemka hata moto ukiongezwa namna gani, kwa sababu moto wa ziada huishia kuyageuza kuwa mvuke. Usawa wa bahari, kama vile Tanga au Mombasa, kiwango hicho ni nyuzi 100 za Selsiasi. Katika miji iliyo juu, kama Nairobi na Mbeya, ambayo iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 au 95 tu, na ndiyo maana maharage ya gunia moja huchelewa kuiva Mbeya kuliko Dar es Salaam. Mfuniko ukibana, mvuke hukosa pa kutokea na hukandamiza maji, na maji yaliyokandamizwa huhitaji joto kubwa zaidi ili yachemke. Jambo hili lilitumiwa jikoni zamani sana: mwaka 1679 Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alitengeneza sufuria ya chuma ya kulainisha mifupa kwa mvuke, na chombo chake kikawekewa vali ya kupunguza presha ili kisipasuke. Majiko mengi ya umeme ya leo hufikia presha ya kilopaskali 70 hivi juu ya ile ya hewa ya nje, na kwa presha hiyo maji yaliyo usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 115. Nyuzi hizo 15 za ziada ndizo zinazofanya chakula kigumu kiive kwa theluthi tu ya muda wa kawaida.

Tuchukue nusu kilo ya maharage. Yakilowekwa usiku kucha na kumwagwa maji ya kulowekea, yanahitaji dakika 20 hadi 30 chini ya presha. Yasipolowekwa, yanahitaji dakika 45 hadi 60, kutegemea aina yake na muda yaliokaa ghalani. Muda huo huanza kuhesabiwa baada ya presha kupanda, na kupanda kwenyewe huchukua dakika 10 hadi 20, jambo ambalo matangazo ya biashara hayapendi kulitaja. Maji yafunike maharage na kuzidi kwa upana wa vidole viwili, lakini maharage na maji kwa pamoja yasivuke nusu ya sufuria, kwa kuwa maharage huvimba na kutoa povu, na povu likipanda hadi kwenye vali huweza kuiziba. Kijiko kimoja cha mafuta hulipunguza povu hilo. Vyakula visivyovimba, kama nyama au ndizi, vinaweza kufika theluthi mbili ya sufuria. Kwa vyovyote vile, jiko lisiwashwe bila walau kikombe kimoja cha maji au mchuzi mwepesi, kwani pasipo maji hapana mvuke.

Hesabu ya umeme nayo inatia moyo. Jiko lenye hita ya wati 1,000 likiwaka mfululizo kwa dakika 20 hutumia theluthi moja ya uniti. Presha ikishapanda, hita huwaka na kuzimika kwa vipindi vifupi tu, maana kasha limezuia joto lisipotee, hivyo sufuria nzima ya maharage kwa kawaida huiva kwa takriban nusu uniti. Kaya iliyozoea kuona umeme kuwa nishati ya taa na televisheni, na mkaa kuwa nishati ya maharage, itafanya vizuri kuangalia mita ya LUKU kabla na baada ya kupika, kwa sababu hofu ya gharama ndiyo inayowazuia watu wengi, na namba za mita huijibu vizuri kuliko maelezo ya muuzaji.

Muda wa kupika ukiisha, mvuke unaweza kuachwa upungue wenyewe, au kutolewa mara moja kwa kugeuza vali. Kwa maharage, makande, uji na supu ya makongoro, ninashauri mpishi asubiri walau dakika 15 kabla ya kuigusa vali, kwa sababu ukiitoa presha ghafla kimiminika hulipuka kwa kuchemka na kurusha mchuzi wa moto kupitia tundu la vali. Mboga laini huhitaji kinyume chake, yaani mvuke utolewe mara moja ili zisivurugike. Ipo pini ndogo kwenye mfuniko ambayo hunyanyuka presha inapokuwamo na kushuka inapokwisha. Mfuniko usilazimishwe kufunguka kabla pini hiyo haijashuka, hata kama jiko limezimwa. Mpira unaozunguka mfuniko uoshwe kila baada ya kupika na ubadilishwe ukipasuka au ukilegea, maana mvuke unaovuja pembeni huzuia presha kupanda na hulifanya jiko lile umeme bure.

Si kila chakula kinachonufaika. Ugali unahitaji kusongwa, na hausongeki chini ya mfuniko uliofungwa. Mchicha huiva kwa dakika chache kwenye sufuria yoyote. Faida kubwa iko kwenye vyakula vya kuchemsha kwa saa nyingi: maharage, kunde, mbaazi, njugu mawe, makande ya Wapare, githeri ya Wakenya, nyama ya ng'ombe mzee. Kuna na sababu ya kiafya kwa upande wa maharage mekundu. Mbegu zake mbichi zina sumu ya asili, aina ya protini ziitwazo lektini, inayosababisha kutapika na kuharisha, nayo huharibika yakichemka sawasawa kwa walau dakika 10. Upishi wa presha hulitimiza sharti hilo kwa urahisi, lakini kitufe cha kupika polepole, ambacho kimo kwenye majiko mengi ya aina hii, huweza kuyapasha maharage bila kufikia joto la kuchemka na kuiacha sumu hiyo ikiwa hai. Maharage mekundu, kwa hiyo, yapikwe kwa kitufe cha presha tu.

Sasa kuhusu kusindika. Kusindika kwenye chupa ni kukipasha chakula kikiwa tayari ndani ya chupa hadi vijidudu vyote vinavyoweza kukua humo vife, huku hewa ikitoka na mfuniko ukijibana ili vingine visiingie. Adui mkuu hapa ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayeishi udongoni na kwa hiyo kufika kirahisi kwenye mboga, nafaka na nyama. Mazingira yakiwa magumu hujigeuza kuwa spora, yaani mbegu yenye gamba linalostahimili hata saa kadhaa za maji yanayochemka. Spora hizo haziwadhuru watu wazima wenye afya wanapozila kwenye chakula cha kawaida. Hatari huanza zinapojikuta mahali pasipo na hewa ya oksijeni, penye unyevu, pasipo na asidi ya kutosha na penye joto la kawaida la nyumbani, na hiyo ndiyo hali halisi ya chupa ya maharage iliyofungwa na kuwekwa kabatini. Hapo huota na kutoa sumu kali inayopooza mishipa: mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope humlegea, hushindwa kumeza na kuzungumza, na mwishowe misuli ya kupumulia huweza kusimama. Sumu hiyo inaweza kuwamo bila chakula kubadilika harufu, rangi wala ladha, hivyo kuonja hakusaidii na ni hatari.

Ili kuziua spora hizo, katikati ya chakula panapaswa kukaa kwenye nyuzi 121 kwa takriban dakika tatu. Joto likishuka kwa nyuzi 10, muda unaohitajika huongezeka mara kumi, na likishuka kwa nyuzi tatu tu, muda huwa maradufu. Hapa ndipo tofauti ya kupika na kusindika inapoonekana wazi. Jiko likishuka kwa nyuzi tatu wakati wa kupika makande, mlaji atakuta punje ngumu kidogo na kulirudishia jiko dakika tano. Likishuka kwa nyuzi hizo hizo wakati wa kusindika, chupa zitatoka zikiwa safi machoni na spora hai ndani yake, wala hakuna dalili itakayomwonya mwenye chupa.

Jiko la presha la umeme hushuka nyuzi kama hizo kwa kawaida yake. Kihisio chake cha joto kiko chini ya sufuria na hakijui kinachoendelea katikati ya chupa. Hita inapozimika na kuwaka kwa zamu, presha hupanda na kushuka. Hewa iliyobaki ndani, ambayo mitungi maalumu ya kusindikia, yaani sufuria kubwa za presha zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, huifukuza kwa kutoa mvuke mfululizo dakika 10 kabla ya kufungwa, hulipunguza joto hata presha ikionekana kuwa ile ile. Kisha kuna suala la mwinuko: presha ya jiko hupimwa kwa kulinganishwa na hewa ya nje, kwa hiyo jiko linalofikia nyuzi 115 Dar es Salaam litafikia nyuzi 112 hivi Nairobi, bila kubadilisha chochote kwenye kioo chake cha namba.

Kwa sababu hizo, miongozo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, nchi ambako usindikaji wa nyumbani umechunguzwa kwa miongo mingi, hutaka mtungi mkubwa unaobeba walau chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama, wenye kipima presha au uzito maalumu juu ya mfuniko. Mtungi mkubwa hupata moto taratibu na kupoa taratibu, na muda huo wa kupanda na kushuka umehesabiwa ndani ya vipimo. Sufuria ndogo hupoa upesi na kuuondoa ulinzi huo. Katika mtungi wa namna hiyo, chupa za nusu lita za maharage huhitaji dakika 75, na za lita moja dakika 90. Yapo majiko ya umeme yanayouzwa yakiwa na kitufe kilichoandikwa kuwa ni cha kusindikia. Kitufe hicho hakithibitishi kwamba joto la katikati ya chupa limewahi kupimwa, na mnunuzi asikitegemee kwa nyama, samaki au maharage.

Vyakula vyenye asidi ni habari nyingine, na habari njema, kwani bakteria huyo hawezi kuota pale kipimo cha asidi kinapokuwa pH 4.6 au chini yake (kadiri namba hii inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi). Jamu ya nanasi, juisi ya pasheni, achari yenye siki ya kutosha: hivi vyote husindikwa kwa kuzamisha chupa kwenye sufuria kubwa ya maji yanayochemka, maji yakizifunika kwa sentimita mbili au tatu, bila presha yoyote. Nyanya ziko mpakani, na nyingine huvuka pH hiyo zikiiva sana, hivyo kila chupa ya lita moja iongezwe vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau yaliyotengenezwa kiwandani, ambayo asidi yake haibadilikibadiliki kama ya limau la sokoni. Papai halina asidi ya kutosha ijapokuwa ni tunda. Tui la nazi vilevile, na mchuzi uliotiwa tui usisindikwe nyumbani kwa njia hii.

Anayetaka kupika mara moja ale wiki nzima ana njia salama zaidi, nayo ni friza. Maharage yaliyochemshwa bila kuungwa yatolewe sufuriani yangali moto, yagawanywe kwenye vikopo vidogo vyenye kutosha mlo mmoja ili yapoe upesi, na yaingie kwenye friza ndani ya saa mbili, kila kikopo kikiachiwa nafasi juu kwa sababu chakula huongezeka kinapoganda. Yasiachwe kulala ndani ya jiko lililozimwa, kwani presha haikuziua spora zote, na sufuria inayopoa taratibu usiku kucha huzipa nafasi ya kuota. Kitufe cha kutunza joto kinafaa mradi chakula kibaki juu ya nyuzi 60 na umeme usikatike. Umeme ukikatika muda mrefu, vikopo ambavyo bado vina barafu vinaweza kugandishwa tena au kupikwa siku hiyo, na vilivyoyeyuka vikapata uvuguvugu vimwagwe.